Marta Nnko Hana Uvimbe

Kwa miaka kumi na tisa Marta Nnko alifua mchanga wa Zanzibar bila kuiona Zanzibar yenyewe. Mchanga ulikuja Kijenge ndani ya mifuko ya kaptula, kwenye mapindo ya taulo na pembe za mifuko ya kulalia, ukatulia chini ya beseni lake, mweupe na laini kama unga wa sembe. Marta alimwaga maji taratibu, akaukinga ule mchanga kwa kiganja, akautupa kwenye maua. Miaka ya mwanzo aliutazama kidogo kabla ya kuutupa. Miaka ya mwisho alikuwa anautupa kwa hasira.

Nyumba anayofulia ni ya wageni wa bei ya chini. Chumba kimoja watu wanane, vitanda vya kupandiana, choo cha foleni. Ni vijana wa Kizungu wanaokuja kufundisha watoto nyimbo kwa mwezi mmoja, na wanaweza kubishana na muuza parachichi robo saa nzima kwa ajili ya shilingi mia mbili. Na hao hao, wakimaliza mwezi wao, wote walikwenda Zanzibar. Wakirudi kuchukua mabegi yao walikaa barazani, karibu kabisa na kamba za Marta, wakipeana ujuzi. Nenda mwezi wa tano, mvua zinanyesha, vyumba vinashuka bei. Usipande boti ya haraka, panda meli ya polepole. Usile hotelini, kula wanapokula madereva. Ukimjua mtu mwenye godoro, lala kwake. Marta alianika mashuka na kusikiliza. Kwa Kiingereza chake cha miaka kumi na tisa ya kufua, hakuna kilichompita.

Siku moja binti mmoja mwenye nywele za kusuka alimletea taulo na kumuuliza, kwa Kiswahili chake cha wiki tatu, "Mama Marta, wewe kwenda Zanzibar mara ngapi?"

"Sijawahi."

Binti akashika mdomo. "Lakini ni rahisi sana! Na ni nchi yako!"

Marta alilikamua lile taulo mpaka likakaribia kukauka mikononi. Hakumkasirikia binti. Kilichomkera ni kwamba binti alikuwa amesema kweli. Nauli ya Mtanzania kwa basi na meli ilikuwa ndogo kuliko mchango alioutoa mwaka uliopita kwenye harusi ya kijana ambaye hata jina lake alikuwa amelisahau. Kumbe haikuwa fedha iliyomzuia miaka yote. Ilikuwa nini basi? Alipindua beseni akalikalia, akajiuliza kwa muda mrefu, na kila jibu alilolipata lilizidi kumtia hasira.

Maana Marta si kwamba hakusafiri. Alizaliwa kwenye mteremko wa Meru, juu ya Makumira, akaolewa hapo hapo akiwa na miaka ishirini na mmoja, na tangu hapo amekwenda Kikatiti kuzika, Moshi kuozesha, na Babati mara mbili kumwogesha mjukuu mchanga na kumpikia mkwe wake mtori. Hajawahi kufika mahali asipewe kisu cha kumenyea ndizi kabla hajakaa. Anaijua mikoa mitatu kwa majiko yake. Mumewe, Eliya, yeye aliwahi kwenda Dodoma wiki nzima kwenye semina ya wazee wa kanisa, akarudi na kofia na picha amesimama mbele ya jengo, na hakuna aliyemuuliza amekwenda kufanya nini.

Aliyemfungulia mlango ni Soila, mpishi wa pale pale Kijenge, Mwarusha wa upande wa Kisongo, mwanamke asiyejua kunong'ona. Binamu yake Namnyaki anauza shanga ufukweni Jambiani, amepanga chumba, ana godoro la ziada. Mwezi wa tano wageni ni wachache na mwenye nyumba ya wageni alikuwa amesema atafunga wiki mbili apake rangi.

"Yeyo, twende," Soila alisema akikaanga vitunguu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Tunangoja nini? Kufa?"

Wakakubaliana siku tano.

Marta alimwambia Eliya jioni, wakati mumewe anamkatia ng'ombe majani. Alimweleza wazi, bila kuzunguka.

"Baba Bariki, mwezi wa tano nataka kwenda Zanzibar na Soila. Siku tano."

"Kuna nani Zanzibar?"

"Hakuna mtu. Yupo binamu yake Soila, lakini hatumfuati yeye."

"Kuna semina?"

"Hakuna."

"Sasa mnakwenda kufanya nini?"

"Kuiona bahari. Kuingia majini. Basi."

Eliya aliweka panga chini. Ni mtu mpole, Eliya, mrefu, mwenye sauti ya kusomea matangazo ya kanisani, na kitu anachokiogopa kuliko mbegu kuoza shambani ni watu kumsema. Aliutazama mlima kama vile angepata msaada huko.

"Ni wakati wa palizi," akasema.

"Watu wa palizi nimeshawapata."

Akaokota panga, akaendelea kukata. "Sawa," akasema.

Hapo ndipo Marta angepaswa kushtuka. Katika miaka thelathini ya ndoa Eliya hajawahi kusema sawa mara ya kwanza, hata kwa kununua sufuria. Lakini Marta alikuwa na furaha, na furaha ilimziba masikio. Aliingia jikoni akiimba.

Wiki ya kuondoka mambo yakaanza. Jumatatu jirani yake, Mama Godwin, alileta lita mbili za maziwa na hakutaka kurudishiwa chombo. Jumanne, kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama, kiongozi alimwambia aimbe amekaa. Jumatano mzee mmoja alimpisha njiani, akavua kofia, akasema Mungu ni mwema. Pale bombani wanawake walinyamaza alipofika, halafu mmoja akamtwika ndoo yake kichwani, jambo ambalo mwanamke huyo hajawahi kumfanyia hata mama yake mzazi. Na Marta, na akili zake zote, alidhani watu wamesikia habari ya safari na wamefurahi. Alidhani jirani zake wanaleta maziwa kwa furaha ya mtu anayekwenda kuogelea! Akawa anatabasamu kwa kila mtu, na kila aliyetabasamiwa akaangalia chini.

Ijumaa Mama Godwin akaja tena, safari hii na bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, limefunikwa kwa kitambaa.

"Kula, mama, ujipe nguvu," alisema. "Wakishakukata utakaa siku mbili hujatia kitu mdomoni."

"Wakishanikata nini?"

Mama Godwin akaangalia mlangoni, akaangalia tumbo la Marta, akashusha sauti. "Huo uvimbe. Mzee wako alitueleza kwenye baraza la wazee. Alisema tusikuambie kwamba tunajua, usije ukaona haya."

Marta aliweka kijiko chini. Aliuliza maswali mawili tu. Uvimbe uko wapi? Mama Godwin akasema mzee hakufafanua, ila ni mkubwa. Na hospitali ni ipi? Akaambiwa Dar es Salaam, Jumanne. Marta akasimama, akamshukuru kwa loshoro, akatoka nyuma ya nyumba akishuka kati ya migomba kwenda kwenye kahawa, na alivyokuwa akishuka alihisi masikio yake yanawaka.

"Eliya!"

Kahawa yote ikasikia. Kwa miaka thelathini alikuwa amemwita Baba Bariki. Eliya aligeuka na mkasi wa kupogolea mkononi, na alipoona uso wa mkewe hakuuliza kuna nini.

"Nionyeshe uvimbe wangu," Marta alisema. "Wewe ndiye daktari. Uko tumboni? Uko kwenye titi? Nionyeshe, nami niujue."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

"Niliomba udhuru wa kikao cha Jumanne," Eliya alisema, "kwa sababu nitakuwa peke yangu na ng'ombe. Wakauliza mama anakwenda wapi. Nikasema Dar, maana ni kweli mtapita Dar. Wakauliza kuna nini Dar. Ningesema nini?"

"Ungesema kweli."

"Kwamba mke wa mzee wa kanisa, bibi wa wajukuu wanne, anakwenda kuvua nguo aingie baharini?"

"Nani amekuambia navua nguo? Naingia na dera langu!"

"Watu wangecheka, Marta. Wangesema nyumba ile mwanaume ameshindwa."

"Kwa hiyo ukaona heri nife."

"Si kufa. Kuumwa tu. Kidogo."

Marta alitafuta kitu cha kushika asije akampiga, akashika mti wa kahawa. Eliya, kwa kutojua kwake, alidhani anatulia, akasogea, akasema lile ambalo hakupaswa kulisema kabisa. Jumapili wangemwombea. Kungekuwa na mnada maalumu kwa ajili ya matibabu yake. Anachotakiwa ni kunyamaza tu. Aende, akae siku zake tano, arudi, watasema amepona, watatoa sadaka ya shukrani na mambo yataisha.

"Na utapata nauli nzuri," aliongeza. "Hata hiyo boti ya haraka utapanda."

Kuna hasira ambayo mtu hupiga kelele, na kuna ile ambayo sauti inakauka kabisa. Marta alimtazama mumewe na kuelewa kwamba mtu huyu haoni ubaya wowote. Alikuwa amemtafutia ruhusa. Kwa akili yake alikuwa amemfanyia wema, amemtafutia sababu ambayo kijiji kingeikubali, na sababu pekee ambayo kijiji kingeikubali kwa mwanamke mzima wa miaka hamsini na moja kuondoka nyumbani mikono mitupu, bila sufuria, ilikuwa ni kukatwa tumbo. Ndiyo hiyo iliyomchoma. Afadhali angekuwa amemkatalia.

Hakumsemesha tena mpaka Jumapili.

Jumapili kanisa lilijaa. Baada ya ibada watu walitoka nje, kwenye nyasi, kwa ajili ya mnada. Kwao mnada si jambo geni. Asiye na noti huleta alichonacho, mkungu wa ndizi, mayai, miwa, na mwenye noti hukinunua kwa bei ya kanisani, ambayo ni mara tatu ya bei ya sokoni, na mara nyingi hukirudisha kiuzwe tena. Siku hiyo meza ilijaa mpaka vitu vikawekwa chini. Kulikuwa na debe la maharage, jogoo wawili, mikungu ya ndizi mshare, blanketi jipya lenye karatasi yake. Bibi Namsifu, mjane wa miaka themanini na mmoja anayeishi peke yake karibu na korongo, alikuwa ameleta tetea wake. Kila mtu alijua ana kuku mmoja tu.

Marta alimwona yule kuku amefungwa miguu chini ya meza, akajua hawezi kunyamaza hata kama angetaka.

Mchungaji, kijana mwema mwenye miaka miwili tu kijijini, alimwita mbele waombe kwa pamoja. Marta akaenda. Akasimama kando ya meza, akaomba kwanza kusema neno.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Mimi si mgonjwa," Marta alisema. "Sina uvimbe. Sijawahi kuwa nao. Jumanne nakwenda Zanzibar na rafiki yangu. Tunakwenda kuiona bahari, kuogelea, kula na kurudi. Hakuna hospitali. Naombeni kila mtu achukue kitu chake."

Marta akashusha pumzi, akidhani amemaliza. Halafu upande wa akina mama sauti moja iliyojaa machozi ikaita, "Amina!"

"Amina!" wakaitikia wengine.

Mchungaji aliinua mikono. "Mmeisikia imani hiyo?" alisema, na sauti yake ilitetemeka kweli. "Dada yetu anasema hana uvimbe. Hajafika hospitali, lakini ameshapokea uponyaji wake!"

"Sijapokea kitu! Nasema sina!"

"Amina!"

"Nakwenda kuogelea!"

Hapo Mama Godwin alimgeukia jirani yake na kusema, bila kushusha sauti vya kutosha, kwamba maskini, maumivu yameanza kumpanda kichwani. Kwaya ikaanza wimbo. Kadiri Marta alivyopaza sauti ndivyo walivyoimba kwa nguvu zaidi, na wale waliokuwa karibu naye walimshika mabega kwa upendo, na hakuna kitu kinachoudhi duniani kama kushikwa mabega kwa upendo na watu wasiokusikiliza. Ilikuwa hivi: mwanamke akisema anaumwa, wanataka cheti. Mumewe akisema kwamba mkewe anaumwa, inatosha. Na akisema mwenyewe kwamba ni mzima, wanamwombea zaidi.

Akaona njia imebaki moja. Alijitoa mikononi mwao, akamtafuta Eliya kwa macho, akamwona kwenye safu ya wazee, amevaa suti yake ya kahawia.

"Baba Bariki, wewe unajua. Simama uwaambie."

Wimbo ukakatika. Eliya akasimama. Akafungua mdomo. Marta alimwona anatafuta neno, alimwona karibu analipata, na kwa sekunde moja moyo wake ulilainika. Kisha Eliya akaangalia zile nyuso mia mbili, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa na kujifuta macho.

Yalikuwa machozi ya aibu, machozi ya kweli. Lakini nani angejua? Wazee wawili wakamkumbatia. Akina mama wakaanza kulia. Mwongo akafarijiwa mbele ya mkewe, na mkewe akaachwa amesimama kando ya mikungu ya ndizi na ukweli wake usiotakiwa na mtu.

Mnada ukaendelea. Mwisho mweka hazina alileta bahasha. Marta alipoikataa wakampa Eliya, na Marta akaichomoa mkononi mwa Eliya na kuirudisha kapuni mbele ya watu wote. "Kama hapa kuna mtu anaumwa kweli, mpeni huyo," alisema. Wakatikisa vichwa kwa mshangao. Hata akiwa katika hali hiyo, walisema, bado anawafikiria wengine.

Alitoka bila kuaga. Kwenye geti Bibi Namsifu alikuwa anamngoja na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu niambie, ni kweli huumwi?"

"Kweli kabisa."

"Nimekuamini," alisema bibi. "Mtu anayekaribia kufa hagombi vile."

Marta alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Ndiye mtu wa kwanza aliyemwamini kwa wiki nzima. Alimwambia atamtafutia kuku mwingine, bibi akapunga mkono kwamba aliyetoka ametoka. Halafu akasogea, akamshika Marta kifundo cha mkono kwa vidole vyake vikavu.

"Lakini ungenyamaza, mwanangu," alisema. "Mimi ningepewa ugonjwa wa kunifikisha baharini, ningeupokea kwa mikono miwili na kunyamaza kimya. Sikuwahi kupewa hata huo."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza habari ya mvua, akageuka na kushika njia ya korongoni. Marta alibaki pale getini. Mpaka dakika ile alikuwa amekasirika kwa ajili yake peke yake. Sasa alihesabu wanawake wote wa mteremko ule aliowafahamu, wazee kwa vijana, mama yake mzazi akiwa wa kwanza, na hakumpata hata mmoja aliyewahi kwenda mahali kwa sababu tu alitaka kwenda. Alitembea mpaka nyumbani akiongea peke yake kwa sauti, na waliompita njiani walimwonea huruma.

Jumanne alfajiri alipanda basi la Dar na Soila. Hakumuaga Eliya. Alimwachia chakula cha siku moja tu, jambo ambalo kwa Marta lilikuwa ni kumtangazia vita. Njiani simu yake iliita mfululizo, akina mama wakimtumia mistari ya kumtia moyo, mpaka Soila akaichukua na kuizima. Walilala Dar sebuleni kwa shemeji wa Soila, asubuhi wakapanda meli ya polepole, ile ile waliyoisikia barazani Kijenge, Soila akatapika njia nzima na Marta akamshikia mfuko. Walikula chapati na maharage kwa mama lishe wa madereva. Kila kitu kilikuwa rahisi, kama alivyosema yule binti, na kila kilipokuwa rahisi Marta alizidi kuudhika. Miaka kumi na tisa! Kumbe ilikuwa safari ya siku moja na nusu.

Jambiani walifika jioni wakiwa wamechoka, mvua inanyesha, wakalala moja kwa moja. Asubuhi ya Alhamisi Marta alivaa dera lake, akatoka mbio ufukweni, na bahari haikuwepo.

Palikuwa na mchanga, majani ya baharini na vidimbwi, na mbali sana mstari mweupe. Wanawake wa pale walikuwa wanatembea katikati ya mahali ambapo maji yangepaswa kuwa. Marta alimgeukia Namnyaki, binamu yake Soila, aliyekuwa anapanga shanga zake kwenye turubai.

"Imekwenda wapi?"

"Maji yametoka, mama. Yatarudi mchana."

"Yatarudi mchana!" Marta alikaa chini pale pale. Alikuwa amegombana na mumewe, na kanisa, na kijiji kizima kwa ajili ya kitu ambacho nacho kimetoka nyumbani bila kuaga. Aliapa hataondoka mpaka kirudi. Soila alimletea chai, akainywa hapo. Mvua ndogo ikapita juu yake, hakusogea. Maji yakaanza kurudi polepole, kidimbwi kikaungana na kidimbwi, na ilipofika saa nane yalikuwa yamemfikia miguuni, ya uvuguvugu, hakuyategemea kuwa ya uvuguvugu. Akasimama, akatembea ndani yake mpaka yakafika kiunoni na dera likapanda juu likiwa limejaa hewa. Akaonja. Akatema. Akaonja tena.

"Mama Bariki!" Soila aliita kutoka mchangani, ameinua juu simu ya Marta aliyokuwa ameiwasha tena. "Mzee!"

Marta alitoka majini taratibu, akajifuta mkono kwa khanga ya Soila, akaipokea.

"Umefika?" Eliya aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Nimefika jana. Unasemaje?"

"Niko hapa dukani, njia panda. Watu wamekaa. Na mchungaji yupo. Wanauliza kama umeshafanyiwa upasuaji. Niwaambie nini?"

Marta aliitazama bahari. Alifikiri hasira imeyeyuka mle ndani, kumbe ilikuwa inamngoja nchi kavu.

"Waambie niko wapi."

"Nitawaambia taratibu, ukisharudi. Tutakaa tuone namna ya—"

"Sasa hivi, Eliya. Nasikiliza. Usiposema, basi la Jumamosi litakuja bila mimi. Nitabaki hapa niuze shanga na Namnyaki. Na unajua kwamba nitabaki."

Alijua. Marta alimsikia anavuta pumzi, akasikia pikipiki ikipita, na mtu akicheka kwa mbali kuhusu jambo jingine.

"Mke wangu haumwi," Eliya alisema.

"Mimi mwenyewe sijakusikia. Wao watasikiaje?"

"Mke wangu haumwi!" Eliya alipaza ile sauti yake ya matangazo, na iliposhika ilikuwa kubwa kweli. "Hana uvimbe! Niliwadanganya, niliona aibu! Yuko Zanzibar, anaogelea! Yuko kwenye simu hapa, ametoka majini sasa hivi!"

Marta aliibana simu sikioni. Halafu akaisikia sauti ya mchungaji, karibu sana, yenye upole wote aliojaliwa.

"Pole sana, mzee wetu. Jikaze. Kaa kwanza hapa. Jamani, mleteeni maji."

"Mchungaji, nasema kweli!" Eliya alisema. "Ni mzima!"

"Amina," wakaitikia watu dukani. "Amina, mzee."

Kukawa na kishindo cha kiti kuvutwa. Eliya aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

"Marta," alisema, "hawaniamini."

"Ndiyo," Marta alisema. "Sasa umejua."

Akakata simu, akampa Soila, akarudi majini.